Maswali ya Wasomaji: Pia ya Goti Ikiuma, Mazoezi Yaanzie Nyongani

Kati ya barua zilizotufikia mwezi huu, nne zinahusu jambo moja, yaani maumivu yanayoizunguka pia ya goti kwa wanawake. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu majibu ya zile nyingine yanaiegemea.

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 34, naishi Manzese na nafanya biashara ya vitambaa Kariakoo, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake haifanyi kazi. Kwa miezi saba sasa goti langu la kulia linaniuma kwa mbele, na siku hizi la kushoto nalo limeanza. Nikiulizwa panapouma siwezi kuonyesha kwa kidole kimoja. Nafunika pia yote kwa kiganja. Kupanda ngazi ni taabu, kushuka ni taabu zaidi, na nikikaa kwenye daladala wakati wa foleni bila nafasi ya kunyoosha mguu, nateremka nikichechemea. Kukuna nazi nimemwachia binti yangu, na katika swala siwezi kukaa tahiyatu mpaka mwisho. Sikuanguka, na goti halijavimba. Katika zahanati moja nilipigwa eksirei wakasema mifupa ni mizima, lakini aliyenihudumia akaongeza kuwa goti "limeanza kusagika", nikachomwa sindano tano za maumivu na kuambiwa nipunguze mwili na niache ngazi. Jirani naye anasema ute wa goti umekwisha, ninywe maji ya bamia, na nimeyanywa mwezi mzima. Nimesikia kuwa yapo mazoezi ya kuimarisha misuli, lakini naogopa nitalimaliza goti kabisa. Nifanye nini? — Msomaji, Manzese

JIBU: Dada yangu wa Manzese, nianze na bamia, kwa kuwa umeshaipa mwezi mzima na wapo wengi wanaoinywa hivi sasa. Ute unaolainisha goti hutengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe. Utelezi wa bamia ukifika tumboni hupita kwenye njia ya chakula kama nyuzinyuzi nyingine za mboga, wala hauna njia ya kufika gotini ukiwa bado utelezi. Bamia ni mboga nzuri, endelea kuila na ugali.

Neno "kusagika" nalo limezoeleka mno hapa mjini. Kila goti linalouma huambiwa limesagika, liwe la binti wa miaka 16 au la bibi wa miaka 80, na mtu akishaambiwa hivyo huanza kuliogopa goti lake, hupunguza kutembea, misuli hulegea, maumivu huzidi, naye huona kuwa kweli linasagika. Picha yako haikuonyesha kusagika. Barua haiwezi kupima goti, na ninashauri upimwe na mtaalamu wa fiziotherapia; hata hivyo, maumivu yaliyotanda mbele ya goti bila kuanguka wala kuvimba, yanayozidi ukipanda na kushuka ngazi, ukichuchumaa, au ukikaa muda mrefu goti likiwa limekunjwa, yanafanana sana na maumivu ya kiungo kinachoundwa na pia pamoja na ncha ya chini ya mfupa wa paja, yaani fupaja. Hali hii huwapata wanawake kwa takriban mara mbili ya wanaume.

Pia ya goti ni mfupa mdogo uliokaa ndani ya kano ya misuli ya mbele ya paja, na kila unapokunja na kunyoosha goti huteleza katika mfereji ulio mwisho wa fupaja. Kazi yake inafanana na ya kapi kwenye mlingoti wa jahazi: kamba ikipita juu yake hupandisha tanga kwa wepesi zaidi, lakini mvuto wote wa kamba huigandamiza kapi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 1972, ambayo bado hunukuliwa, yanaonyesha kuwa ukitembea tambarare pia hugandamizwa kwa nguvu iliyo sawa na nusu ya uzito wa mwili, ukipanda au kushuka ngazi nguvu hiyo huwa zaidi ya mara tatu ya uzito, na ukichuchumaa mpaka chini huwa zaidi ya mara saba. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni tofauti kati ya kilo 35 na karibu kilo 500. Goti zima huibeba nguvu hiyo bila kulalamika. Goti lililozidishiwa kazi kuliko misuli yake inavyomudu, kama la mtu aliyeanza kupanda ghorofa tatu mara sita kwa siku akiwa na robota la vitenge begani, hulalamika hata kama hakuna kilichovunjika wala kuchanika.

Mfereji huo, kama nilivyosema, ni sehemu ya fupaja, na fupaja huongozwa na nyonga. Unaposimama kwa mguu mmoja, jambo unalolifanya katika kila kidato cha ngazi, misuli iliyo ubavuni na nyuma ya nyonga ndiyo inayolizuia paja lisizunguke kuelekea ndani. Isipokaza vya kutosha, goti huangukia upande wa kidole gumba cha mguu na mfereji huhama chini ya pia, kwa hiyo mgandamizo ambao ungetandazwa kwenye eneo pana huishia upande mmoja. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wanawake 15 wenye maumivu haya na wengine 15 wasio nayo, wakakuta kuwa wenye maumivu walikuwa na upungufu wa asilimia 26 katika nguvu ya kupeleka paja nje, na wa asilimia 36 katika nguvu ya kulizungusha kwenda nje. Sitaki uelewe kuwa udhaifu wa nyonga ndio lazima ulioleta maumivu, kwa maana mtu anayeumwa goti huupunguzia mguu kazi na misuli hudhoofu baadaye. Kwa upande wa tiba, hata hivyo, mambo yako wazi zaidi. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wanawake 28, ambao nusu yao waliimarisha nyonga peke yake mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Maumivu yao yalipungua sana kuliko ya wenzao wasiofanya mazoezi, na walipopimwa tena baada ya miezi sita nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Tamko la pamoja la wataalamu wa kimataifa la mwaka 2018 linapendekeza mazoezi ya nyonga pamoja na ya goti, badala ya ya goti peke yake.

Kabla hujaanza, jitazame. Ingia chumbani kwenye kioo, uvue dera, kwa sababu dera hufunika kila tunachotaka kukiona, ukavae kaptula au uipandishe kanga juu ya magoti. Simama kwa mguu wa kulia, shika ukuta kwa kidole kimoja, kisha kunja goti polepole kidogo tu, kama mtu anayetaka kuketi akaghairi. Tazama mahali goti linapoelekea. Likibaki juu ya kidole cha pili cha mguu, vizuri. Likiingia ndani likaufuata mguu mwingine, au upande mmoja wa kiuno ukashuka kama kanga inayofunguka, umeiona kazi iliyo mbele yako. Rudia upande wa kushoto, ukumbuke ulichokiona, kwa sababu hicho ndicho utakachokipima tena baada ya wiki sita.

Katika wiki mbili za mwanzo fanya mazoezi ya kulala, ambayo huigandamiza pia kidogo tu, na ndiyo maana yanamfaa mtu mwenye hofu kama yako. Tandika mkeka, lala ubavu wa kushoto, kunja magoti yote mawili, visigino vigusane. Bila kutenganisha visigino, fungua goti la juu polepole kama chaza anavyofungua gamba lake, subiri kwa hesabu ya tatu, kisha lishushe polepole vilevile. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuuangusha mgongo nyuma ili goti lipande juu zaidi, na hapo nyonga huwa haifanyi kazi tena. Weka mgongo ukiwa umegusa ukuta, nawe utajikamata mwenyewe unapodanganya. Ukimaliza, nyoosha mguu wa juu uwe sawa na mwili, vidole vya mguu vitazame mbele na si dari, uinue mguu kiasi cha shibiri mbili ukitanguliza kisigino, halafu uushushe. Ukihisi kazi mbele ya paja, mguu umeuleta mbele. Urudishe nyuma kidogo mpaka uhisi moto ubavuni mwa kalio, karibu na pale mfuko wa suruali unapokaa. La tatu ni kulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa chini, kisha kuinua makalio mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini.

Kila zoezi lifanye mara 10 hadi 12, upumzike dakika moja, urudie mpaka zitimie raundi tatu, kwa miguu yote miwili, siku tatu kwa wiki na kuacha angalau siku moja katikati. Si kila siku. Misuli hujengeka inapopumzika, na wengi wanaoniambia kuwa mazoezi yamewashinda walifanya kila siku kwa siku tisa kisha wakaacha. Mara mbili za mwisho katika kila raundi ziwe nzito kweli. Ukimaliza raundi huku unapiga soga, zoezi limekuwa jepesi na hutapata nguvu mpya. Hapo nenda kwa fundi baiskeli akukatie kipande cha tyubu iliyotoboka, ukifunge kiwe duara na ukivae juu kidogo ya magoti wakati wa zoezi la chaza. Ipo mikanda ya mpira ya kununua madukani, nayo ni mizuri, ila misuli haijui bei.

Kuanzia wiki ya tatu ongeza mazoezi ya goti lenyewe, kwa kuwa misuli ya mbele ya paja ikibaki dhaifu hutaziweza zile ngazi. Hapa pembe ya goti ina maana kubwa. Ukiwa umesimama, mgandamizo wa pia huwa mdogo goti likiwa limekunjwa kidogo na huongezeka kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo egemea ukuta kwa mgongo, shuka mpaka goti likunjike nyuzi 45, yaani nusu ya safari ya kukaa kitini, ukae hapo kwa sekunde 10 hadi 20, kisha upande. Ukiwa umeketi na mguu unaning'inia, mambo hugeuka: mgandamizo huumiza zaidi pale mguu unapokaribia kunyooka kabisa. Kwa sababu hiyo, ukifunga mfuko wa mchele wa kilo moja kwenye kifundo cha mguu kwa kanga na kuunyoosha mguu ukiwa kitini, anza goti likiwa limekunjwa kabisa na uishie katikati ya safari. Watu wengi hufanya kinyume cha haya yote mawili, yaani huchuchumaa mpaka chini na kunyoosha mguu mpaka mwisho, kisha husema mazoezi yamewaumiza. Yapo pia mazoezi yanayodai kuufanyisha kazi msuli mmoja tu wa ndani ya paja, ule ulio juu ya pia. Usipoteze muda kuutafuta, maana misuli ya mbele ya paja hukaza kwa pamoja.

Wiki ya sita na kuendelea ni wakati wa kurudi kwenye ngazi. Tafuta kidato kifupi cha sentimita 10 hivi, hata kizingiti cha mlango wa uani kinafaa. Simama juu yake kwa mguu mmoja, kisha shusha mguu wa pili mpaka kisigino kiguse sakafu kama mtu anayepima joto la maji, halafu upande tena. Goti libaki juu ya kidole cha pili, na kiuno kibaki sawa. Kushuka kuchukue hesabu ya tatu. Siku utakapoweza raundi tatu za mara 10 bila goti kuingia ndani, ongeza urefu wa kidato. Ukipenda, tembea ubavu ubavu kama kaa, tyubu ikiwa juu ya magoti na magoti yakiwa yamelegezwa kidogo, kutoka mlango wa chumba hadi sebuleni na kurudi.

Kuhusu hofu ya kulimaliza goti, tumia kipimo cha namba. Sifuri iwe hakuna maumivu, kumi iwe maumivu makubwa kuliko yote uliyowahi kuyapata. Wakati wa zoezi maumivu yakifika mbili au tatu, endelea. Hayo hayaharibu kitu. Yakipita hapo punguza uzito, kina au idadi ya kurudia. Kipimo cha pili ni asubuhi ya kesho yake: ukiamka na goti lile lile la jana, dozi ilikuwa sawa; ukiamka limekuwa kali zaidi, ulizidisha, na dawa yake ni kupunguza, si kuacha. Usitarajie badiliko kubwa kabla ya wiki ya nne. Wanaopata nafuu ya kudumu ni wale wanaofika wiki ya 12 na kuendelea mara mbili kwa wiki baada ya hapo.

Uliambiwa uache ngazi, nami nasema zipunguze kwa muda. Kwa wiki nne hizi za mwanzo, robota limpandie kijana wa mizigo, panga shughuli zako upande ghorofani mara mbili badala ya sita, na ukiwa na nafasi ya kutolipanda daraja la waenda kwa miguu pale Manzese, usilipande kwa ushujaa. Kwenye ngazi shika reli. Unapopanda tanguliza mguu wenye nafuu, unapokwenda chini tanguliza unaouma zaidi. Nazi nunua iliyokunwa kwa mashine sokoni, na kama mumeo anadai ya mbuzi ni tamu zaidi, kigoda kipo. Kwenye daladala omba kiti cha pembeni mwa njia ili mguu upate pa kunyookea. Kuhusu swala, mgonjwa ana ruhusa ya kuswali akiwa kitini, na mwalimu wako wa dini atakueleza namna yake. Wakati wa kusujudu, blanketi lililokunjwa chini ya magoti huondoa mgandamizo wa moja kwa moja juu ya pia.

Sindano sina mengi ya kusema. Dawa za jamii ya diklofenaki hutuliza kwa siku chache, haziongezi nguvu ya msuli wowote, na zikirudiwa mara kwa mara huweza kudhuru tumbo na figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Kuhusu mwili, ni kweli kuwa kila kilo huongeza kazi ya goti, kama hesabu ya ngazi ilivyoonyesha, lakini sioni haki ya kumwambia mwanamke mwenye maumivu kuwa apungue kwanza ndipo asaidiwe. Misuli hupata nguvu kwa mwenye kilo 60 na kwa mwenye kilo 95. Soksi ya goti au utepe wa kubandika huweza kukupa nafuu ya muda mfupi unapoanza mazoezi, navyo si mbadala wake.

Usianze mazoezi haya, bali nenda hospitali kwanza, ikiwa goti limevimba au lina joto, linakwama lisikunjike wala kunyooka, linakuangusha ghafla, lina maumivu yanayokuamsha usiku, umepata homa, au yote yalianza baada ya ajali.

SWALI: Binti yangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, anacheza netiboli na anajiandaa na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Magoti yote mawili yanamuuma mbele tangu mazoezi ya timu yaongezwe kuwa ya kila siku. Mwalimu anasema avumilie, baba yake anasema aache michezo. Tumsikilize nani? — Mama wa Temeke

JIBU: Mama, hapo kati. Goti la mtoto anayekua hulemewa zaidi na wingi wa kuruka na kusimama ghafla kuliko na udhaifu, kwa hiyo kwa umri huu hatuanzi na mazoezi ya nguvu, tunaanza na kupunguza mzigo. Nchini Denmark mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa watoto 151 wa miaka 10 hadi 14 wenye maumivu haya. Walipunguziwa michezo kwa wiki nne, kisha wakapewa mazoezi ya kuimarisha miguu na kurudishwa uwanjani hatua kwa hatua, na baada ya wiki 12 zaidi ya wanane katika kila kumi walisema wamepata nafuu kubwa. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, lakini mpango wake una busara. Kaa na mwalimu mkubaliane kwamba kwa wiki nne binti afanye pasi na kulenga goli bila kuruka, tena siku tatu tu kwa wiki. Baadaye aanze zoezi la chaza na la kuinua makalio. Ukimshika chini ya pia, pale juu ya ugoko, ukakuta kinundu kigumu kinachouma, mwonyeshe kwa daktari, kwa maana hiyo ni hali nyingine ya watoto wanaokua, ingawa nayo hutulizwa kwa kupunguza kuruka.

Jambo moja naomba lisipuuzwe. Maumivu ya goti kwa mtoto huweza kuwa yanatoka nyongani. Akichechemea, akishindwa kuzungusha paja kwenda ndani, au akiwa na selimundu, ambayo huweza kuua mfupa wa kichwa cha paja, apelekwe hospitali nyonga ipimwe kabla ya kuambiwa habari yoyote ya mazoezi.

SWALI: Nina miaka 61. Magoti yangu hukaza asubuhi kwa dakika kama 10 hivi, na la kushoto limeanza kupinda. Pia nasikia yakilia kama mtu anayetembea juu ya changarawe. Je, mazoezi ya kuimarisha misuli yananihusu, au muda wangu umepita? — Mama wa Mbagala

JIBU: Shikamoo mama. Muda haujapita. Kukaza kwa muda mfupi asubuhi na goti kuanza kupinda katika umri huo huashiria kuchakaa kwa gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, nawe unastahili kupimwa ili ijulikane hali imefikia wapi. Hata hivyo, katika hali hiyo pia mazoezi ya nyonga na paja ni sehemu ya tiba ya msingi, si ya ziada. Zoezi lako kuu liwe la kitini. Chagua kiti kirefu, weka mto juu yake, simama na kuketi polepole bila kushika kitu, mara 8, upumzike, urudie mara tatu. Ikiwa ni ngumu mno ongeza mto wa pili. Ikiwa nyepesi toa wote. Sauti ya changarawe peke yake, isiyo na maumivu wala uvimbe, isikusumbue. Magoti mengi ya watu wasioumwa chochote hulia vivyo hivyo.

SWALI: Nina miaka 27. Nilianza chalenji ya kwenye simu ya kuchuchumaa mara 100 kila siku kwa siku 30, na jioni nakimbia ufukweni Coco Beach. Siku ya 12 pia za magoti zikaanza kuuma. Je, kuchuchumaa kunaharibu magoti? Na nikitaka kuendelea kukimbia nifanyeje? — Msomaji, Sinza

JIBU: Kuchuchumaa hakuharibu magoti, tunachuchumaa tangu utotoni. Kilichokuumiza ni kutoka sifuri hadi 100 kwa usiku mmoja, bila siku ya kupumzika, kisha kuongeza mbio juu yake. Achana na chalenji hiyo, fuata mpango niliomwandikia msomaji wa Manzese kuanzia mazoezi ya kulala, na uyarudie mazoezi ya kuchuchumaa kuanzia nyuzi 45 ukishuka zaidi kila wiki goti likikuruhusu.

Mbio hazilazimiki kuachwa ikiwa maumivu hayazidi mbili na asubuhi yake goti ni tulivu. Ukimbie siku moja na kupumzika siku moja, uchague mchanga mgumu uliotandazika badala ya ule wa mteremko unaoufanya mguu mmoja kuwa mfupi njia nzima, na ufupishe hatua. Watafiti waliopima wakimbiaji walikuta kuwa kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 10 bila kuongeza kasi hupunguza nguvu inayoigandamiza pia kwa takriban asilimia 14. Namna ya kufanya ni rahisi: kimbia kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu mara ambazo mguu wa kulia unagusa chini kwa dakika moja, na ikiwa ni 80, siku inayofuata lenga 88 kwa mwendo ule ule. Utajiona kama unakimbia kwenye makaa kwa dakika tano za kwanza, kisha mwili huzoea.